Rivyu: mbegu za redwudi za paketi, donge la dukani na miche ya kukata, kipi kinalipa (nyota 4 kwa kitalu)

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeibana kwa sababu, nitafika huko.

Kwanza mnijue kidogo mana rivyu ya mti bila kujua mtu anaupanda wapi ni kazi bure. Mimi ni mtu wa Lushoto, nimekulia kwenye kitalu cha baba cha misaipresi na mikaratusi, viriba nimejaza mpaka kucha zimebadilika rangi, sasa hivi niko California kaskazini upande wa pwani ni msaidizi kwenye kibustani cha utafiti. Ukisikia utafiti utafikiri kuna majengo na makoti meupe, hakuna. Ni robo eka, grinihausi moja ya plastiki inayopiga kelele upepo ukija, mabomba mawili, bosi wangu, mimi, na wanafunzi ambao wanapotea kila msimu wa mitihani.

Kazi yetu ni redwudi ya pwani. Kwa ambao hawaujui, huu ndo mti mrefu kuliko yote duniani, yule bingwa wanamuita Hyperion kapita mita 115, alipatikana 2006 na tangu 2022 ukikutwa unamzungukia ni faini inayofika dola 5000 na jela miezi 6, mana watu walikuwa wanakanyaga mizizi kwenda kupiga picha na mti wenyewe mizizi yake iko juu juu tu, haiendi chini sana kama mnavyodhani. Kiasili unaota kwenye ukanda mwembamba wa pwani kuanzia kusini ya Oregon, jimbo la juu yetu, mpaka Big Sur, pwani ya katikati ya California, zaidi ya kilomita 700 kwa urefu lakini kwa upana ni kidogo tu, ukiacha ukungu wa bahari umeuacha na mti. Kuna utafiti wa 1998 ulikuta karibu theluthi ya maji yanayoingia kwenye msitu wa redwudi kwa mwaka yanatokana na ukungu unaodondoka kwenye majani. Mtu wa Usambara hilo huna haja ya kumuelezea mara mbili.

Sasa sisi tunataka kujua mti wa kusini kule kukavu na mti wa kaskazini kwenye mvua nyingi, ukiweka pamoja kwenye udongo mmoja na maji ya kupima, nani anavumilia kiangazi na nani analalamika. Kwahiyo tunahitaji miche ambayo tunajua imetoka wapi. Shikeni hilo mana rivyu nzima inazunguka hapo.

Tumejaribu vitu vitatu, vyote vya kununua.

Cha kwanza, paketi ya mbegu. Dola 5 onlaini, picha ya msitu mbele, maneno matamu nyuma. Mbegu ya redwudi ni ndogo kama ya nyanya, gramu moja zinaingia kama 250, na ile koni yenyewe inalingana na zeituni, huwezi kuamini jitu la mita mia linatoka humo. Nikaloweka usiku mzima, nikamwaga juu ya mchanganyiko wa mboji ya piti na pelaiti (punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa), nikafunika na vemikulaiti (punje za madini zinazoshika maji) kidogo sana kama unanyunyizia chumvi, kimkeka cha umeme chini joto nyuzi 21 hivi. Mbegu 200. Wiki ya tatu zikaanza kutoka, nikahesabu 23. Bosi akafurahi! Mimi nikaona aibu, kwetu baba angesema kijana umechoma mbegu. Kumbe ndo kawaida yake, mbegu nyingi za redwudi ni ganda tu, ndani hamna kiini au kumejaa tanini, hicho ni kitu kikali kama kile kinachokausha mdomo ukitafuna ndizi mbichi. Ni mti wenyewe ulivyo, muuzaji hajakudanganya, ila angeandika nyuma ya paketi basi hata mstari mmoja badala ya yale mashairi.

Halafu katika zile 23 kikaja kinyausi, ugonjwa wa miche. Wakulima wa nyanya mnamjua huyu, mche unaamka asubuhi shina limebana pale kwenye udongo kama limefungwa uzi, mchana umelala. Kosa lilikuwa la kwangu, nilimwagilia jioni na kufunika na plastiki, nikabaki na 9. Sasa ukipanda mbegu mwagilia asubuhi, acha hewa ipite, na usitumie udongo wa shambani hata kama unaupenda.

Hizo 9 zipo mpaka leo na ni nzuri tu, ila kwa kazi yetu hazina faida, paketi imeandikwa "California" basi. California gani? Toka mpaka wa Oregon mpaka Big Sur yote California. Ni kama ununue mbegu ya maharage imeandikwa "Afrika". Af kuna kingine, huu mti una seti 6 za kromosomu, wewe na mimi tuna 2, kwahiyo watoto wa mama mmoja wanaweza kutofautiana sana, ukipima nani kavumilia ukame hujui unapima mahali alipotoka au bahati yake ya kuzaliwa. Kwa zawadi ya mtoto paketi naipa nyota 3. Kwa bustani ya utafiti nyota 1.

Cha pili, donge. Hili nalo kioja. Ukipita barabara kuu ya 101 ya huku pwani kwenye maduka ya watalii utakuta mapande ya mti kama kichwa cha muhogo yamekaa kwenye sahani ya maji na majani mabichi yamechomoza juu. Redwudi ina tabia hiyo, chini kwenye shina kuna uvimbe umejaa macho yaliyolala, mti ukikatwa au ukiungua yale macho yanaamka. Ndo mana ukikata redwudi moja baada ya miaka unakuta duara la watoto wamezunguka kisiki. Hata moto wa Agosti 2020 pale hifadhi ya Big Basin miti ilibaki nguzo nyeusi tupu halafu ikachipua kwenye shina mpaka juu, nimeiona kwa macho yangu, inaonekana kama imevaa sweta la kijani.

Kwahiyo donge linachipua kweli, sio uongo. Nililipa dola 12, likachipua siku ya kumi na tatu, likapendeza mezani miezi miwili. Mizizi? Hakuna. Wanakuuzia kitu cha kupamba meza tu kama maua ya kuchomeka kwenye maji ila hawasemi hivyo. Nikakata machipukizi matatu nikayachomeka kama vipandikizi, mawili yakashika, hiyo ndo pekee iliyookoa dola 12 zangu. Lakini mniulize kwanini sitanunua tena. Nilimuuliza kijana wa dukani hili donge limetoka mti gani, akanitazama kama nimeuliza ukoo wa kuku wa chipsi. Na hili sio swali la mchezo, mwaka 2014 mbuga za Redwood huku juu walifika kufunga barabara moja usiku kwa sababu watu walikuwa wanaingia na misumeno kuchonga madonge kwenye miti ya kale, yanaenda kuwa meza na saa za ukutani. Sisemi duka lile linanunua ya wizi, sijui na sina ushahidi, nasema mtu akikuuzia kipande cha mti wa miaka mia kadhaa na hajui kimetoka wapi wewe acha hapo kwenye sahani.

Sasa cha tatu, ndo chenye nyota 4.

Ni kitalu kidogo, jina nitaliacha kwa sababu nina malalamiko nao na bado tunaongea vizuri, sitaki waje kusoma hapa tukanuniana. Wanauza miche ya kukata, yani kloni, kila mche ni kipande cha mti mama unaojulikana. Bei dola 6.50 mmoja, tukachukua 120, mama 12 kila mmoja watoto 10. Usafiri dola 95. Ghali? Kwa mtu wa viriba vya Lushoto ni wizi wa mchana, nilipomwambia baba kwenye simu alinyamaza nikadhani mtandao umekata.

Lakini subirini boksi lifunguliwe. Miche imekuja ndani ya mirija mirefu ya plastiki, upana kama sentimita 4, kina 21 hivi, ndani ina mistari ya kuongoza mizizi ishuke chini isizunguke. Hii kitu nyie wa vitalu nyumbani muiangalie kwa makini. Kiriba chetu ni rahisi na kinafanya kazi ila mizizi ikigonga chini inajiviringa kama tambi, unapanda mti leo miaka kumi baadaye unaanguka na upepo mnasema mchawi. Nimechomoa mitano kukagua, mizizi meupe, minyoofu, imeshika udongo wote, sio ile ya kumwagika ukiugusa.

Na kila mche una lebo. Sio stika ya karatasi, ni kibati cha aluminiamu kimekwaruzwa kwa ncha ngumu, huwezi kukifuta hata kwa mvua ya masika: namba ya mama, kaunti, mwinuko kutoka usawa wa bahari, umbali kutoka pwani, mwezi na mwaka wa kukatwa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya grinihausi nikavisoma vyote 120 kama mtu anasoma barua za nyumbani. Hapo ndo nikaelewa dola 6.50 imeenda wapi, mti wenyewe kusema kweli ni dola 2, kile kibati ni 4.50 na ndo tulichokifuata.

Maana kloni za redwudi kwenye maduka ya kawaida zipo, tena nzuri, ukienda utakuta Aptos Blue yenye majani ya bluu bluu, utakuta Soquel, utakuta Los Altos, hizo ni kwa ajili ya uani na kando ya barabara, zimechaguliwa kwa umbo na rangi. Sisi hatutaki mrembo, tunataka pia yule mbaya wa kusini ambaye hakuna duka litamuuza. Kazi ya kukusanya kloni toka ukanda mzima ilishafanywa na watafiti wa misitu kama John Kuser na William Libby tangu zamani, kwahiyo sio wazo geni, ugeni ni kupata kitalu kidogo kinachokutunzia hizo taarifa bila kuchanganya.

Ubora: katika 120, wanne walikufa njiani au wiki ya kwanza. Safi kabisa. Miezi 18 baadaye waliosimama vizuri wamenipita kiuno, wa kaskazini wana haraka zaidi ila kiangazi kilichopita ndo walianza kukauka ncha kabla ya wenzao, sitasema zaidi bosi bado anaandika.

Sasa ile nyota. Mwezi wa nne nikaona mama namba 7, wote kumi, wanalala. Sio kunyauka, wako kijani wana afya, ila wanakua kwenda pembeni kama wanatafuta kitu chini ya meza. Nikawafunga kwenye vijiti, nikafungua, wakalala tena. Na wanne wa mama namba 11 hivyo hivyo. Nikampigia baba, yeye redwudi hajawahi kuiona hata kwenye kalenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, miti yako ya dhahabu inaendeleaje?"

Nikamueleza. Akauliza swali moja tu. "Umekata wapi, kwenye shina au kwenye tawi?" Nikasema sijakata mimi nimenunua. "Basi waliokuuzia wamekata tawi. Tawi hata ukilipanda linajua ni tawi. Mbuni tu hapa ukipanda tawi la pembeni unapata kitu kinatambaa, hujaona?"

Mzee wa darasa la saba, na ndo hasa ilivyo. Kwenye redwudi ukikata ncha inayokwenda juu, chipukizi la kisiki au la ua, yani miti iliyopangwa kama uzio na kupunguzwa kila mwaka, unapata mti unaosimama. Ukikata tawi la ubavuni linashika mizizi vizuri tu na linaendelea kuwa tawi miaka na miaka, mpaka siku litakapoamua kutoa chipukizi la wima kutoka chini. Tena mti mama ukiwa mzee sana inakuwa shida mara mbili, mizizi haitoki kirahisi, ndo mana vitalu vya maana vinatunza ua wa akina mama, wanaukata ukata kila mwaka ubaki na ujana, halafu wanachukua vipandikizi kutoka kwenye huo ua.

Nikawaandikia kitalu. Yule mama mwenye kitalu akajibu kesho yake, akakubali bila kuzunguka: mama namba 7 ni mzee, ua wake bado mdogo, machipukizi ya wima hayakutosha oda yetu wakaongezea na ya ubavuni. Nikamuuliza mbona kibati hakikusema, kibati kimesema mpaka mwinuko kutoka usawa wa bahari. Akasema hawana nafasi ya hilo kwenye kibati. Hapo ndo nyota ikaondoka. Sio kwa kulala kwa miche, kwa kujua na kutoandika. Kama wangeandika "tawi" tu, herufi nne, tungewapanda pembeni au tusingewalipia.

Kwa haki yao, wamekubali kutulipa miche 14 mipya wakati wa kukata, huwa wanakata majira ya baridi, wanachovya kwenye homoni ya mizizi, wanaweka chini ya maji ya ukungu na joto linalotoka chini ya udongo, miezi miwili mitatu hivi mpaka zishike, kwahiyo nangoja. Na ile iliyolala bosi kasema tusitupe, tumeacha kumi mwisho wa kitalu, miwili tayari imetoa chipukizi la wima kwenye kisigino, nikiliona limekaza nitakata ile ya zamani yote. Nikipata hiyo 14 nitarudi kuhariri hapa, ikija imesimama na imeandikwa nawapa 5 zao.

Maswali mliyonitumia inboksi, haraka haraka.

Unaweza kunitumia mche Lushoto? Hapana, na usimtume mtu aweke kwenye begi. Nyumbani unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, ofisi ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na huku nako redwudi ni mmojawapo wa mimea inayobeba ule ugonjwa ulioua mialoni mingi California, kwahiyo vitalu vinakaguliwa. Kiwavi kimoja cha begi kinaweza kumaliza kijiji.

Nianze na mbegu au mche? Ukiwa na watoto na subira, mbegu. Ukiwa na kazi ya kufanya, mche wa kukata, na kabla hujalipa muulize muuzaji maswali mawili, mama yuko wapi na umekata ncha au ubavu. Akikosa jibu la pili usimchukie, nunua mmoja tu ujaribu.

Wanyama waharibifu? Kulungu wanakula ncha, weka wavu. Fuko wa huku wanakata mizizi toka chini, tumeweka vikapu vya waya, kazi ya kuchosha ila bila hivyo ungelima chakula cha fuko.

Naweza kupanda uani? Hili kaniuliza shemeji yangu yuko Sacramento, kule bondeni kiangazi ni jiko, ukungu wa bahari haufiki, miti ya redwudi iliyopandwa mitaani kule ukame ukija mingi inaungua vichwa. Nikamwambia shemeji, kwanza maji, utalipa bili mpaka ulie, pili mizizi inatambaa mbali sana, huu sio mwembe wa uani. Akasema amenielewa vizuri kabisa ahsante sana shem.

Juzi kanitumia picha. Kanunua Aptos Blue ya galoni tano, kaipanda mita mbili toka ukutani, kaizungushia mawe meupe. Nikamuuliza lebo iko wapi basi angalau tujue, kasema ilikuwa inaharibu picha, kaitupa.